Matamshi ya Kijerumani: mbona kila mtu anatamka kivyake? Maswali mnayouliza kila siku

Haya maswali nayapata karibu kila wiki, mengi yanatoka kwa watu wanaojiandaa kuja Ujerumani, manesi, vijana wa Ausbildung (mafunzo ya kazi), na wengine wameshafika wana wiki mbili tu wanapiga simu usiku wanasema jamani huku wanaongea lugha gani hii. Nimeona niyajibu yote sehemu moja. Mimi nilianzia Leipzig, nikakaa huko miaka mitatu, sasa niko karibu na Stuttgart, kwa hiyo nimeishi na Kijerumani cha mashariki na cha kusini. Matamshi nitayaandika kwa herufi zetu: sh ni ya shule, kh ni ya kheri vile wanavyoitamka watu wa pwani, gh ni ya ghali.

Nimefaulu B1 (mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya kati), nimefika, simwelewi mtu. Kwani nilifundishwa Kijerumani gani?

Ulifundishwa Kijerumani sanifu, wenyewe wanakiita Hochdeutsch, na hela yako haijapotea. Ila ile sauti uliyokuwa unaisikiliza kwenye kozi ni ya mtu aliyekaa studio anasoma taratibu, na mtu wa kawaida hasomi, anaongea, na akiongea anameza nusu ya maneno. Kitabu kinasema "haben", mtu anasema "habm" au "ham" tu. "Nicht" inakuwa "nich", t imeshakwenda. "Ist" inakuwa "is". "Fünfzig" inakuwa "fuffzig". "Haben wir nicht" ikitoka mdomoni ni "hamwa nich", wewe bado unalisubiri neno la kwanza na mwenzako ameshamaliza sentensi.

Sasa sisi wenyewe tunafanya nini? Kitabuni ni "sasa hivi", mtaani ni "saivi", "ndiyo hivyo" ni "ndo ivo", "mama yake" ni "mamake". Mzungu aliyesoma Kiswahili vizuri kabisa darasani akishuka Kariakoo anakutana na kitu kile kile ulichokutana nacho wewe.

Kuna siri moja itakusaidia haraka. Hizi "-en" za mwisho wa maneno zinatamkwa kama m ya "mtu" na n ya "nchi", ile inayosimama peke yake bila irabu. "Leben" ni "lebm", "reden" ni "redn". Sisi tumezaliwa na hizo sauti, tunaziweka mwanzoni mwa neno, wao wanaziweka mwishoni. Ukianza kuzisikia hivyo, sentensi nyingi zinafunguka zenyewe.

Lakini sio kasi tu, kuna watu wanatamka maneno tofauti kabisa. Kwa nini?

Kwa sababu lahaja ndo zilianza, sanifu imekuja baadaye sana. Ujerumani kama nchi moja ni ya 1871, kabla ya hapo ilikuwa falme na miji kibao, kila sehemu na usemi wake.

Na mgawanyiko mkubwa ni wa zamani zaidi ya hapo. Kati ya karne ya 6 na ya 8 hivi, watu wa kusini walianza kubadilisha p, t na k. Penye p ikawa pf au f, penye t ikawa s au ts, penye k ikawa ch. Kaskazini hawakubadilisha. Ndo maana maji kaskazini kwenye lahaja ni "Water" na kusini ni "Wasser", kutengeneza ni "maken" na "machen", tofaa ni "Appel" na "Apfel". Kama unamjua mtu wa Mombasa wa asili hii haitakushangaza, yeye anasema "mato" wewe unasema "macho", anasema "nti" wewe unasema "nchi", t yake ni ch yako, mfululizo, neno baada ya neno. Mabadiliko ya sauti yana nidhamu hiyo, na mimi hapo ndo napoipenda lugha, kwamba mamilioni ya watu bila kukaa kikao wanabadilisha herufi ile ile kwa mpangilio ule ule.

Watu wameuchora huo mpaka kwenye ramani. Mwaka 1876 bwana mmoja anaitwa Georg Wenker alianza kutuma karatasi za sentensi kwa walimu wa shule za msingi, anawaomba waziandike vile watu wa kijiji chao wanavyozisema, akaendelea miaka na miaka mpaka akawa na majibu ya shule zaidi ya 40,000. Alitegemea kupata mistari iliyonyooka, huku lahaja hii huku lahaja ile. Hakuipata. Mpaka wa maken na machen unapita Benrath, ambayo leo iko ndani ya Düsseldorf, mpaka wa ik na ich uko kaskazini zaidi unapita Uerdingen, na wa Appel na Apfel uko kusini mbali kule Speyer. Yaani karibu na mto Rhein ile mistari inaachana kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Mtu wa Köln yuko katikati ya vidole, kwa hiyo anasema "ich" kama wa kusini na "dat" na "wat" kama wa kaskazini, wote wawili ndani ya sentensi moja.

Alafu hili neno "hoch" kwenye Hochdeutsch linawadanganya wengi. Halikuanza kama sifa ya ubora, ni jiografia, lahaja za huko juu kwenye milima, na Niederdeutsch ni za huku chini tambarare karibu na bahari.

Ni kweli Kijerumani safi kipo Hannover?

Hili swali Wajerumani wenyewe wanaliamini sana, na jibu lake ni refu kidogo, nivumilieni.

Karne ya 17 na 18 ukimuuliza mtu aliyesoma Kijerumani kizuri kiko wapi angekuambia Saxony, maeneo ya Meißen na Leipzig. Lugha ya maandishi ya huko ndo Luther aliiegemea alipotafsiri Agano Jipya, 1522, na ikasambaa na vitabu. Goethe, mwandishi wao mkubwa, alipotoka Frankfurt kwenda kusoma Leipzig mwaka 1765 alisahihishwa usemi wake mpaka akachoka. Na hakuuacha! Kwenye tamthilia yake ya Faust amefanya "neige" iimbiane na "Schmerzenreiche". Kwa matamshi ya leo ya sanifu hiyo vina haipatani, lakini kwa mtu wa Frankfurt g ya katikati ilitamkwa kama ch, kwa hiyo kwake ilipatana vizuri tu.

Baadaye nguvu ikahamia kaskazini, ufalme wa Prussia ukapanda. Watu wa kaskazini lugha yao ya nyumbani ilikuwa Niederdeutsch, ambayo iko mbali sana na sanifu, kwa hiyo sanifu walijifunza shuleni kutoka kwenye maandishi, karibu kama lugha ya kigeni, na mtu anayejifunza kutoka kwenye maandishi anatamka kila herufi. Mwaka 1898 Theodor Siebs na wenzake wakatoa kanuni za matamshi ya jukwaani, za waigizaji wa tamthilia, zikaegemea usomaji huo wa kaskazini, na kutoka jukwaani zikaingia shuleni na baadaye redioni. Hannover imepata heshima yake hapo. Na Saxony? Imeporomoka. Walter Ulbricht aliyeongoza Ujerumani Mashariki alikuwa mtoto wa Leipzig, na usemi wake ulichekwa miaka yote, mpaka leo lahaja ya Saxony inatajwa sana watu wakiulizwa ni ipi hawaipendi. Sauti ni zile zile zilizokuwa zinasifiwa, kilichobadilika ni nani ana nguvu.

Mimi nimeishi na hao watu na nasema bila kusita, hakuna ubaya wowote kwenye ndimi zao. Sisi tuna Kiunguja kilichochaguliwa mwaka 1928 kule Mombasa kiwe msingi wa sanifu, na mtu wa Lamu au wa Mvita hajawahi kukubali kwamba chake ni kibovu. Na hajakosea.

R yao naitamkaje? Mwalimu anataka ya kooni, mimi inatoka yetu ya ulimi.

Iache itoke. Kweli kabisa.

R ya kupiga ulimi kama yetu ya "rafiki" ni Kijerumani halali, tena ni ya zamani kuliko ile ya kooni. Bavaria vijijini, Franken, na sehemu kubwa ya Uswisi utawakuta wazee na hata watu wazima wanaipiga vizuri kabisa. Siebs kwenye kanuni zake alikubali hiyo tu, ya kooni ikaja kuruhusiwa rasmi kwenye toleo la 1957, na waimbaji wa opera mpaka leo wanaimba na ya ulimi. Ile ya kooni ilianza kuenea mijini karne ya 17 na 18. Utasikia wanasema waliiga Wafaransa, hiyo ni hadithi inayopendwa lakini wataalamu wanabishana, wengine wanasema ilizaliwa humo humo kwenye lahaja.

Ukiitaka ya kooni, njia fupi ni gh. Anza na "ghali", "ghafla", "lugha", alafu irudishe nyuma kidogo tu: "ghot" ndo rot, "ghegen" ndo Regen. Mtu aliyekulia madrasa hii anaipata siku hiyo hiyo.

Kitu cha muhimu zaidi ni r ambayo haitamkwi kabisa. Mwisho wa neno "-er" inakuwa "a". Vater ni "fata", Mutter ni "muta", Lehrer ni "leera", Zimmer ni "tsima". Bier ni "bia", yaani unaagiza kwa Kiswahili na unaletewa. Wengi wetu tunakaza ile r ya mwisho, "muterrr", na hapo ndo Mjerumani anageuka kukuangalia, hajali sana r ya mwanzo. Na mnakumbuka hela yetu imetoka wapi? Ni Heller, sarafu ya wakoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki, kuanzia 1904 Heller 100 zilikuwa rupia moja. Neno linaishia na "-er" kwenye maandishi yao na sisi tunalo linaishia na "a", sawa sawa na wanavyolitamka leo.

"Ich" ni ikh, ish, ik au i?

Zote zipo, na kila moja inakuambia mtu ametoka wapi.

Ya sanifu sio ikh wala ish. Weka ulimi kama unasema "i", tabasamu, alafu toa pumzi tu bila sauti. Ni karibu na h ya "hii" ukiikaza. Inakuja baada ya i, e, ä, ö, ü, ei, eu na baada ya konsonanti. Baada ya a, o, u na au inakuwa kh yetu ya kheri. Ndo maana Kuchen, keki, ni "kuukhen", lakini Küche, jiko, haina kh.

Sasa mtaani. "Ish" utaisikia Köln na eneo lote la Rhein la kati, Hessen, Saxony, na kwa vijana wa Berlin na miji mingi. Mtu wa namna hiyo Kirche na Kirsche kwake ni neno moja, kanisa na tunda la cheri, na wala hachanganyi maana sentensi inamsaidia. "Ik" au "ikke" ni Berlin na kaskazini kwenye lahaja. "I" peke yake ni Bavaria, Austria na huku kwetu Swabia. "Ikh" yenye kh kabisa ni Uswisi na Tirol.

Kwa hiyo ukisema "ish" hakuna atakayekosa kukuelewa. Lakini kama unajiandaa na mtihani au intavyu jitahidi upate ya sanifu, kwa sababu "ish" kuna watu wanaihukumu, wanaona ni ya mtaani. Sikubaliani nao ila ndo hali ilivyo.

König ni könik au könich?

Sanifu ya Ujerumani ni könich, pia wenig, zwanzig, fertig zote zinaishia ich. Kusini, Austria na Uswisi ni k: könik, tsvantsik. Mimi tangu nihamie Stuttgart nimebadilika bila kujua.

Mbona "Käse" nasikia "keeze"?

Kaskazini na mashariki ä ndefu na e ndefu zimeungana. Käse ni keeze, spät ni shpeet, na Bären (dubu) haitofautiani na Beeren (zile tunda ndogo kama forosadi). Kusini magharibi na Uswisi bado wanazitenga. Akiwa anasoma kwa sauti mbele ya watu hata wa kaskazini ataitanua ile ä kwa sababu anaiona imeandikwa, akimaliza kusoma anarudi kwenye keeze.

Na pf? Ulimi unakataa.

Kwao pia unakataa. Kaskazini na mashariki mwanzoni mwa neno wanasema f tu, Pferd ni "feat", Pfund ni "funt". Hata kazi iliyowaleta wengi wenu hapa, Pflege, yaani uuguzi, nilipokuwa Leipzig wenzangu waliiita "fleege" kila siku. Kwenye mtihani itamke kamili, kazini utajikuta unasema kama wao.

Wananitakia "Guten Tach". Ni Tag au Tach?

Neno ni Tag. Kijerumani hakiruhusu b, d, g kubaki laini mwishoni mwa neno, zinakuwa p, t, k, ndo maana Rad (gurudumu) na Rat (ushauri) zinasikika sawa. Kwa hiyo kanuni inasema "taak". Watu wa kaskazini wao badala ya k wanaweka kh: takh, na Zug, treni, inakuwa "tsukh". Ukiwa Hamburg au Bremen hiyo ni ya kawaida kabisa hata kwa daktari.

Na hapo Hamburg kulikuwa na kitu kingine ambacho sasa kinapotea, wazee walitamka "st" na "sp" za mwanzo bila sh, s-tein, s-pitz, wakati nchi nzima ni shtain na shpits. Kama umeshawahi kuona video za Helmut Schmidt, aliyekuwa kansela 1974 mpaka 1982, sikiliza anavyosema hizo s zake. Vijana wa Hamburg leo hawasemi hivyo.

Nimepangiwa kazi sehemu fulani, nitegemee kusikia nini?

Hili linategemea, naandika sehemu ninazozijua vizuri zaidi.

Saxony, yaani Leipzig, Dresden, Chemnitz. Wanalainisha konsonanti, p na b zinafanana, t na d zinafanana, Karte inaelekea kuwa "garde", packen na backen sikio lako halitazitenganisha. Midomo haiviringwi sana, schön ni "sheen", über ni "iba". Na Dresden mtu akikujibu "nu" amekubali, ni ndiyo! Mimi mwezi wa kwanza nilidhani wananiharakisha, nikawa kila nikisikia nu naongeza mwendo, mpaka mama mmoja mzee wodini akanishika mkono akaniambia mwanangu nu ni ja. Namkumbuka sana yule mama.

Swabia, Stuttgart na vijiji vyake. St inakuwa sht popote ilipo sio mwanzoni tu, fest ni "fesht", du bist ni "du bish". S yao haiwi z kamwe: Sonne kaskazini ni "zonne", huku ni "sonne", na hii ni kusini kote mpaka Austria na Uswisi. Nicht ni "net". Kila kitu kidogo kinaishia "-le", Häusle, bissle. Wanaimba sana wakiongea, wimbo wenyewe utauzoea kabla ya maneno.

Bavaria. L inayeyuka, viel ni "fui", alt ni "oid". A inaelekea o, Wasser ni "vossa". Hapa ndo wengi wanakata tamaa, lakini hapa hapa ndo r yako itapokelewa kama ya mtoto wa nyumbani.

Berlin. G inakuwa j yao, ambayo kwetu ni y: gut ni "yut". Das ni "dit", ei inakuwa ee, weiß ni "vees", keine ni "keene". Köln pia g ni y, wanasema "yot".

Ukitaka kusikia mwenyewe kabla hujasafiri, taasisi ya lugha ya Kijerumani iliyoko Mannheim, inaitwa IDS, wana atlasi ya matamshi mtandaoni, bure. Ina ramani ya neno moja moja ikionyesha linatamkwaje kaskazini mpaka kusini, na waliorekodiwa ni watu wanaojaribu kuongea sanifu sio lahaja. Hilo ndo linafundisha sana, kwamba hata wakijitahidi wote bado hawafanani.

Uswisi nao wanaongea Kijerumani?

Wanaandika Kijerumani na wanaongea Kiswisi, nisemeje zaidi ya hapo. Ujerumani lahaja inahusishwa na kijiji au na wazee, Uswisi hapana, profesa na fundi bomba wote wanaongea lahaja kutwa nzima, sanifu ni ya shule, ya maandishi, ya taarifa ya habari. Kind ni "khind". Na Haus ni "huus", Zeit ni "tsiit". Hizo uu na ii ndefu ndo za asili, wote walikuwa wanasema hivyo, mpaka maeneo ya Bavaria na Austria karne ya 12 hivi walipoanza kuzipasua kuwa au na ei na mtindo ukapanda kwenda kaskazini. Kuna pande mbili haukufika, Uswisi huku juu milimani na Niederdeutsch kule chini baharini, kwa hiyo mvuvi wa kaskazini kabisa na mchungaji wa ng'ombe wa Alps wote wanasema huus, na katikati yao watu wengi wanasema haus.

Na Austria?

Angalia mkazo. Ujerumani Kaffee wanaikaza mwanzoni, Austria mwishoni. Mathematik Ujerumani inakazwa tik ya mwisho, Austria inakazwa ile ma ya pili. China na Chemie kwao ni Kina na Kemie, Bavaria pia. Kwa wanaofanya mtihani: ule wa B1 wa Goethe-Institut ulitengenezwa pamoja na ÖSD, taasisi ya mitihani ya Kijerumani ya Austria, na chuo kikuu cha Freiburg ya Uswisi, kwa hiyo usifanye mazoezi ya kusikiliza ya sauti za Ujerumani tu.

Vijana wanakiharibu Kijerumani?

Hapana. Kreuzberg na mitaa mingine ya Berlin yenye watu wa kila asili, Waturuki, Waarabu, Wajerumani wenyewe, vijana wametengeneza usemi wao unaoitwa Kiezdeutsch. Ich ni ish, maneno madogo yanadondoka, "ich geh Bahnhof" badala ya "zum Bahnhof". Mwaka 2012 profesa Heike Wiese aliandika kitabu kusema hii ni lahaja ya Kijerumani kama zingine, na akashambuliwa sana. Mimi niko upande wake. Kudondosha hivyo vineno hata Wajerumani wenye umri wao wanafanya, ukiwa kwenye treni unaulizwa unashuka wapi unajibu "Alexanderplatz" tu. Na "ish" ya hao vijana ni ile ile ya bibi wa Köln ambaye hakuna anayemwambia anaharibu lugha. Tofauti ni mdomo gani imetoka, na hilo sisi wageni tunalielewa bila kufundishwa.

Badiliko lingine linasikika hata kwenye televisheni, zaidi tangu 2020 hivi. Wanaposema Lehrer:innen ili kujumuisha wanawake na wanaume, wanakata sauti kidogo kabla ya innen, kooni, kama hamza ya Kiarabu. Hamza hiyo ilikuwepo siku zote kwenye Kijerumani, ipo kwenye beachten, be'achten. Wameihamishia sehemu mpya tu. Kuna wanaoipenda na kuna wanaokasirika ukiitamka, kwa hiyo ukiwa mgeni kazini sikiliza kwanza wenzako wanasemaje.

Lahaja zinakufa?

Kaskazini zimekufa kwa kiasi kikubwa, Niederdeutsch watoto wachache sana wanaipata nyumbani ingawa Ujerumani imeitambua chini ya mkataba wa Ulaya wa lugha za maeneo tangu 1999. Kusini zinapungua makali, kijana wa Stuttgart hasemi kama babu yake, lakini fesht na net zipo, hazijaenda popote. Uswisi wazima kabisa.

Nijifunze lahaja? Na lafudhi yangu je, nitachekwa?

Lahaja jifunze kuisikia, kuiongea sio lazima. Wewe ongea sanifu yako, nchi nzima itakuelewa, alafu maneno ya wenyeji yatakuja yenyewe, utaanza na salamu, Moin, Grüß Gott, Servus, kutegemea uko wapi.

Lafudhi ni jambo lingine na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona wenzangu wananyamaza kwenye mikutano ya wodi mwaka mzima wakiogopa kuchekwa, na kwa mgonjwa ukimya huo ni hatari kuliko r mbaya. Kama una muda mchache wa mazoezi usiumalize kwenye r. Umalize kwenye urefu wa irabu, Staat na Stadt, Miete na Mitte, kwa sababu hapo maana inabadilika, na sisi tunaujua urefu, linganisha "kama" na "kaa", sikia a ya "kaa" inavyovutwa. Alafu ü na ö: sema "i" huku midomo imeviringwa kama ya "u", umepata ü, sema "e" na midomo ya "o", umepata ö. Alafu mkazo, sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara na wao maneno mengi wanakaza mwanzo, Arbeit, Urlaub, Krankenhaus. Ukikaza kwetu, "krankENhaus", mtu atasimama kufikiri, hata kama kila herufi umeitamka vizuri.

La mwisho: kwenye simu wananitajia "zwo". Ni namba gani?

Ni zwei, mbili. Zwei na drei zinafanana kwenye simu mbovu, kwa hiyo wanabadilisha moja ili usikosee. Kwenye matangazo ya stesheni pia utaisikia. Ukitaja namba ya chumba au ya dawa kwa simu, itumie na wewe.